Hela ya mwanamke inaliwa, hela ya mwanaume inajengewa

Kila nikisikia watu wanabishana kuhusu haki sawa naona mjadala unaishia kwenye vyeo, mara mwanamke kawa waziri, mara kawa spika, na mimi sipuuzi hayo hata kidogo, Machi 2021 Mama Samia anaapishwa kuwa rais wa Tanzania nilikuwa mbele ya tivii machozi yananitoka. Ila haki ambayo nimeiona kwa macho yangu inavyompiga mwanamke chenga iko chini zaidi, iko ndani ya nyumba, kwenye swali dogo tu la nani alinunua nini. Hilo ndo nataka kuliongelea leo kwa sababu nimelipitia na dada yangu kuanzia serikali ya mtaa mpaka mahakamani na naona wanawake wengi tunaishi hivyo hivyo bila kujua.

Iko hivi. Siku hizi wanawake ambao hawaingizi hela kabisa ni wachache sana. Bibi zetu walilima, mama zetu walilima na kuuza, sisi tumeajiriwa au tuna genge, saluni, cherehani, mgahawa, uwakala wa pesa, kila mtu na chake. Majukumu yamebadilika kweli kweli. Sasa angalia hiyo hela ya mwanamke ikishaingia ndani inaenda wapi. Inanunua unga, mafuta, sabuni, luku, daftari za watoto, sare, nauli za shule, dawa mtoto akichemka usiku, mchango wa msiba wa upande wa mume. Hela ya mwanaume inanunua kiwanja, tofali, nondo, bati, pikipiki. Wote wawili wametoa jasho, wote wamechoka, na mara nyingi wamekubaliana hivyo wenyewe kwa amani kabisa, "mama wewe shika chakula, mimi nishike ujenzi". Alafu ipite miaka kumi. Ya mwanamke imeshaliwa, imekuwa miili ya watoto na vyeti vyao vya shule. Ya mwanaume imesimama pale, risiti zipo na jina lake liko juu, na siku mambo yakiharibika anayeulizwa ni mwanamke, wewe ulichangia nini?

Dada yangu mkubwa aliishi kwenye ndoa Mwanza zaidi ya miaka kumi na mume dereva wa malori, mtu wa safari, anaondoka wiki nzima anarudi siku mbili anaondoka tena. Kiwanja walinunua mlimani huko juu ambako gari haifiki, wanaoijua Mwanza wanaelewa, mawe makubwa makubwa na njia ya kupanda kwa miguu. Hakijapimwa, kina karatasi ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, na kwenye hiyo karatasi mnunuzi ni shemeji peke yake, dada hayumo hata kama shahidi kwa sababu siku ya kuandikishana alikuwa nyumbani na mtoto mchanga.

Wakati wa ujenzi shemeji yuko barabarani, kwahiyo anayesimamia ni dada. Mchanga unamwagwa chini barabarani, vijana wanaupandisha kwa kulipwa kila ndoo, hela ikiisha dada anapandisha mwenyewe. Maji ya zege hivyo hivyo, ndoo kichwani mpaka juu. Mchana anawapikia mafundi ili wasidai hela ya kula. Na genge lake dogo la nyanya, vitunguu na dagaa ndo lilikuwa linalisha nyumba nzima ili mshahara wa shemeji usiguswe, uende wote kwenye tofali. Hakuna mtu aliyeita hiyo kazi, hata dada mwenyewe hakuwa anaiita kazi, alikuwa anasema "nasaidia".

Alafu shemeji akapata mtu mwingine huko safarini, sitaki kuingia sana huko maana sio hoja yangu, mapenzi yanaisha na watu wanaachana kila siku. Hoja ni siku aliyokuja na mnunuzi kuonyesha nyumba, watoto wako sebuleni wanafanya homuweki. Dada akauliza hawa ni nani, akajibiwa mbele ya wageni, "Wewe ulikuja hapa na begi moja. Chukua begi lako uende kwenu." Aliponipigia simu usiku hilo la begi alilirudia mpaka nikamwomba anyamaze kidogo anywe maji.

Kilichotuokoa mwanzo ni mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi alipofika pale kwa ajili ya muhuri mwenyekiti akauliza mke yuko wapi, akaambiwa wameachana, akasema leteni karatasi ya mahakama inayosema wameachana, ikakosekana, akakataa kugonga. Baadaye ndo nikaelewa kwamba yule mzee hakuwa anatufanyia hisani, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia mwenzi mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Na kama kiwanja kina hati unaweza kwenda kwa msajili wa hati ukaweka zuio kabla mambo hayajaharibika. Sheria ina umri mkubwa kuliko mimi, na kwenye mafundisho yote ya ndoa niliyokaa, kitchen party zote nilizochangia, hakuna aliyewahi kuitamka, tulifundishwa kupika na kunyamaza mume akirudi amekasirika.

Tukaenda baraza la usuluhishi la ndoa la kata, maana bila hati ya baraza kusema usuluhishi umeshindikana mahakama kwa kawaida haipokei shauri la talaka. Wazee wa baraza walikuwa wastaarabu. Mmoja akamuuliza dada, mama wewe ulikuwa unafanya kazi gani? Dada akajibu, "Nilikuwa mama wa nyumbani tu." Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilitamani kumshika mdomo, maana nilijua shemeji ameshika mfuko wa rambo umejaa risiti za saruji na nondo, na sisi tumekuja na hilo neno "tu".

Baraza likatupa hati kwamba limeshindwa, na katika kuhangaika tukapelekwa kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja wa makamo mwalimu mstaafu, hawa watu wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, tafadhali mjue hilo. Yule mama hakuanza na vifungu. Alimwambia dada, nieleze siku moja ya ujenzi, anza asubuhi, nani aliamka wa kwanza? Dada akaanza kwa aibu aibu, niliamka mimi, nikachemsha uji, nikaenda sokoni kuchukua mzigo wa genge, nikarudi kufungua, fundi akaniita saruji imeisha nikaenda kununua. Hela ya nani? Ya genge, nilikuwa nasema nitaikata shemeji wenu akirudi ila sikuwahi kuikata. Mama anaandika. Maji nani alibeba? Mimi. Mafundi walikula wapi? Kwangu. Mama mkwe alipoumwa mguu alikaa kwa nani? Kwangu, miezi. Alafu akamuuliza swali ambalo sijalisahau, "Kama wewe ungesafiri ule mwaka wote, mumeo angemlipa nani afanye haya yote, na angemlipa shilingi ngapi?" Dada alikaa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, mpishi, mlezi wa watoto, mlinzi wa vifaa, msimamizi, wa kubeba maji, na ilikuwa mara ya kwanza namuona anakaa wima tangu sakata lianze.

Hapo ndo tukaambiwa kuhusu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika, wengine wanasema kazi za nyumbani ni wajibu tu wa mke na hazihesabiki kama mchango wa kupata mali, wengine wanasema zinahesabika. Mahakama ya Rufani ikaamua zinahesabika, kupika na kulea na kutunza nyumba ni mchango, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa chenyewe kinataja mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Lakini sikilizeni sehemu ambayo watu huwa wanaikata, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Mahakama ilisema mume alishampa hela za mradi wa familia na yeye akazitumia vibaya, kwahiyo akaondoka mikono mitupu, wakati wanawake wote waliokuja nyuma yake wamepita kwenye mlango aliougonga yeye. Namuwaza sana huyo mama. Na ndo maana mwalimu alitusisitizia kwamba haki kuwepo ni jambo moja na kiasi utakachopata ni jambo lingine, kiasi kinategemea ushahidi, usiende pale na machozi peke yake.

Ushahidi tukautafuta wapi sasa, maana vitunguu havina risiti. Dada akakumbuka daftari la kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopeshana hela. Tukaenda kwa katibu wa kikoba chao akalitoa kwenye sanduku, lile daftari refu la jalada gumu, kurasa zimelegea zina mafuta ya kula pembeni, na pale kwenye mstari wa jina la dada imeandikwa kwa peni nyekundu, mkopo, sababu: bati. Na chini yake marejesho wiki kwa wiki na sahihi yake. Risiti ya bati shemeji alikuwa nayo yeye, ina jina lake, lakini tarehe ya risiti ni siku mbili baada ya tarehe ya mkopo. Nilivyoona zile tarehe zimekaa pamoja nilishika kichwa. Miaka yote hiyo paa juu ya vichwa vyao limetoka kwenye kikoba cha wanawake na risiti inasema limetoka kwa baba.

Mahakama ya mwanzo tulienda bila wakili. Katibu wa kikoba akaja na daftari lake. Ila aliyenigusa ni fundi mkuu, mwanaume, mtu mzima, ambaye tulidhani atakataa maana ni rafiki wa shemeji. Akasema ukweli wake taratibu. Shemeji akapewa nafasi ya kumuuliza maswali akamuuliza, nani alikulipa hela yako? Fundi akajibu, "Ulinilipa wewe. Ila kula nilikula kwa huyu mama, na maji ya kujengea alibeba huyu mama, na siku ulipochelewa kutuma hela ya saruji alinunua huyu mama ili kazi isisimame." Shemeji hakuuliza tena.

Hakimu akavunja ndoa na kumpa dada asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Mimi nilitaka nusu, na mpaka leo naamini ilikuwa nusu, kama sio zaidi. Shemeji akakata rufaa wilayani akashindwa. Na nawaambia kabisa hukumu sio hela, baada ya hapo kuna kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe alipe, kuna mthamini, kuna njoo kesho, nauli zinaisha na mtoto anaumwa. Wanawake wengi wanachoka hapo na wanaacha karatasi ya ushindi kabatini. Dada hakuchoka kwa sababu tulikuwa naye, alilipwa kidogo kidogo mpaka ikaisha, akanunua kiwanja kidogo na karatasi ya mauziano ina jina lake.

Maneno ya kuumiza zaidi yalitoka kwa wanawake wenzetu. Wifi mmoja alimpigia dada akamwambia unagawana jasho la kaka yetu huna hata aibu, na huyo wifi mwenyewe anauza samaki kusomesha watoto wakati mume wake anajenga nyumba kwa jina lake peke yake. Nilimwelewa kuliko nilivyomkasirikia. Yeye akikubali kwamba dada ana haki lazima aanze kujiuliza na yeye ana nini.

Kuna jirani yake dada pale mlimani naye alikuwa anafuatilia kesi kimya kimya kwa sababu yeye hana cheti, walichukuana tu, wana watoto watatu, na mwanaume akikasirika anamwambia wewe hawara tu huna unachonidai. Mwalimu alimwonyesha kifungu cha 160, mkiishi pamoja miaka miwili na zaidi na jamii inawatambua kama mke na mume kuna dhana ya ndoa, na mahakama inaweza kuangalia matunzo na mali kama ilivyo kwa wanandoa. Mwanaume anaweza kupinga hiyo dhana kwa ushahidi, lakini kumfukuza tu kwa neno hawara haiwezekani.

Kwangu mimi nyumbani hili limebadilisha mambo kwa vitendo. Nilimwambia mume wangu nataka tubadilishane, wewe lipa ada na chakula mwaka huu mimi ninunue tofali, na kiwanja tukiandika tuandike majina mawili. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Kwani huniamini?" Nikamwambia nakuamini, ndo maana naomba ukiwa mzima na tunacheka, ukifa kesho ndugu zako sijawahi kukaa nao kikao cha mali. Alikaa na hilo siku kadhaa. Kisha akaniambia alikumbuka mama yake alivyotolewa kwenye nyumba baba yao alipofariki, yeye akiwa darasa la sita, vyombo vimewekwa nje. Karatasi yetu saivi ina majina mawili, na ada ameilipa yeye, na alishangaa ada ilivyo nzito kwa sababu miaka yote ilikuwa inalipwa na hela ambayo alikuwa anaiita hela ya saluni.

Kuna kaka zangu wanasema sheria hizi zinawaonea wanaume, wanawake watakuja kuolewa wavune. Nawajibu hivi, kifungu cha 114 hakitaji mke peke yake, kinazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wote wawili. Mwanaume aliyejenga kwa jasho lake kwenye kiwanja chenye jina la mke analindwa na kifungu hicho hicho, na siku hizi wapo wengi tu. Kinachopimwa ni jasho. Kama mtu hakuchangia hapati, na hata aliyechangia anaweza asipate kama alishapewa hela akazitumia vibaya, ndo yaliyomkuta Bi Hawa. Hofu inatoka wapi kama hesabu ni ya haki?

Sasa limefika kwetu kabisa, Kagera. Baba alifariki na kuna kibanja, yaani shamba la nyumbani, lina migomba na mikahawa. Mama amepalilia ile mikahawa tangu alipoolewa, amechuma, ameanika, amelala nje akilinda isinyeshewe, lakini mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa alikuwa baba, hela ilitoka kwa jina la baba. Kwenye kikao cha kwanza cha ukoo mzee mmoja akasoma orodha ya warithi, kaka zangu wote wamo, mabinti hatumo, mama ameandikwa "atatunzwa na watoto". Wanaegemea zile kanuni za mila zilizoandikwa 1963, kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hana haki ya kuiuza na mjane anatunzwa na watoto wake. Nikasimama nikawaambia wazee, kwa heshima zote, hilo la mabinti limeshahukumiwa. Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera huku huku, aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, ndugu wa ukoo wakaenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ikasema mila inayombagua mwanamke kwenye ardhi ya ukoo inapingana na Katiba. Alafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Nikawatajia na wale wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa mali za waume zao kwa mila, wakakwama kwenye mahakama zetu mpaka suala likafika kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa.

Wazee hawakufurahi. Mmoja alisema nimesomeshwa mpaka nimeharibika. Kaka mdogo ndo aliyenisaidia, akasema yeye hasaini muhtasari wa kikao ambao mama yake hayumo, na bila huo muhtasari kukamilika kufungua mirathi mahakama ya mwanzo ni shida. Kwahiyo mambo yamesimama. Mimi na dada tumeandika majina yetu na la mama tukalitanguliza, na tumeanza kukusanya stakabadhi za kahawa na watu waliochuma naye wakati huo, kama tulivyofanya Mwanza. Kikao kingine ni baada ya msimu, na mama, ambaye kile cha kwanza alikaa jikoni anapika, ameshasema safari hii chakula watapika wengine, yeye atakaa ndani na wazee, na ameniomba nimletee yule mwalimu akae naye pembeni.